Umuvure Ziwani

Shule ya Sekondari Kabungo,
Kibondo.
19 Februari 1995

Kwa baba yangu Nduwayezu,

Shikamoo baba. Na mama mpe shikamoo yake, usiisahau mfukoni kama ile ya mwezi uliopita. Mimi ni mzima, yale mafua niliyoondoka nayo nyumbani yamekwisha, na chakula cha hapa ni kilekile, maharage pamoja na wageni wake. Ninyi je, hamjambo? Mgongo wa mama unaendeleaje? Migomba ya bondeni imestahimili ule upepo?

Baba, tumepata mwalimu mpya wa jiografia. Anaitwa Mwalimu Mwatumu, ametokea Ukerewe, visiwani kabisa, na serikali imemleta huku kwetu milimani ambako mtu akiona maji kuzidi ya ndoo anaanza kusali. Wiki ya kwanza alizunguka akiuliza watoto hawa wanacheza nini. Akaambiwa wavulana wanacheza mpira, wasichana netiboli, na asiyejua netiboli anafagia uwanja. Akasema mkoa wenye Tanganyika na Malagarasi hauwezi kukosa timu ya makasia. Tukadhani anatania. Jumamosi alikwenda mwenyewe kwa mapadre kuomba lile bwawa lao la samaki, na mvuvi mmoja wa Malagarasi akamwazima mtumbwi wake wa zamani.

Timu ni ya wasichana, wanne kwa mtumbwi. Wamechaguliwa Winnie, binti wa daktari wa hospitali ya Kibondo, na Epifania na Mwajabu, wenyeji wa hapahapa. Wa nne ni mimi. Mwalimu anasema mabega yangu ni ya mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Nikamwambia mabega haya yametengenezwa na jembe la baba, akasema jembe na kasia ni ndugu.

Lakini hataki mtoto wa mtu aingie kwenye mtumbwi bila neno la mzazi. Ndiyo maana nakuandikia. Baba, nataka sana. Sijawahi kutaka kitu cha shule namna hii, hata hesabu ambazo nazipenda. Naomba uniandikie ndiyo, umpe Athuman, konda wa basi la Kasulu, ataniletea.

Ni mimi binti yako,
Kezia

*

Nyakitonto, Kasulu.
11 Machi 1995

Mwanangu Kezia,

Marahaba. Ya mama yako nimeifikisha ikiwa nzima, tena mbele ya mashahidi. Mgongo wake unamruhusu kulima lakini haumruhusu kunyamaza. Migomba imesimama, isipokuwa miwili ya kule kwa jirani yetu Nkunzimana, na mzee huyo anadai imeangushwa na mbuzi wangu. Tuko salama kwa neema ya Mungu.

Jibu ni hapana.

Usikunje uso, nakuona kutoka huku. Nitakueleza mara moja, kwa sababu umekua, na baada ya hapo usiniulize tena. Mwaka sabini na mbili tulipokimbia kutoka kwetu, tulifika Malagarasi mvua za masika zikiwa zimeujaza mto mpaka kwenye majani. Mwenye mtumbwi alipakia watu kama anayepakia magunia. Nilikuwa nimemshika mdogo wangu Ndayiragije mkono. Tulipofika katikati mtumbwi ukajaa. Mimi nilishika mzizi. Yeye hakushika kitu. Hakuna aliyejua kuogelea katika ukoo wetu wote, sisi ni watu wa vilima. Nilipanda ukingo wa Tanzania nikiwa na mkono mtupu, na nikaapa kwamba mtoto wangu hatakaa ndani ya mtumbwi maadamu mimi ni hai.

Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi mimi nashtuka, na sioni haya. Mwambie mwalimu wako namheshimu, lakini mabega ya binti yangu yana kazi nyingine. Ukiingia kwenye mtumbwi huo utarudi nyumbani kulima, na shule nitaifunga mwenyewe kwa kamba.

Soma hesabu.

Baba yako,
Nduwayezu

*

Shule ya Sekondari Kabungo,
Kibondo.
4 Juni 1995

Baba yangu,

Shikamoo. Nimenyamaza muda mrefu, nisamehe. Baada ya barua yako nililia siku nzima, kwanza kwa sababu ya mtumbwi, halafu kwa sababu ya baba mdogo ambaye sikuwahi kumjua. Nilikuwa nadhani unachukia mto kwa ukali tu. Pole sana baba. Afya yangu nzuri. Mama anaendeleaje? Nasikia Nkunzimana amepeleka kesi ya mbuzi mpaka kwa mtendaji wa kata.

Nimekutii. Kwenye nafasi yangu amekaa Evaline wa kidato cha tatu. Mimi nakaa ukingoni na galoni tupu na fimbo. Napiga galoni ili wote wanne wavute kwa pamoja, kwa maana mwanzoni kila mmoja alikuwa na ndoa yake na kasia lake. Nawapigia mwendo ule wa kulima kwa ujirani, ule mnaokwenda nao mkiwa mstari mmoja shambani na hakuna anayemtangulia mwenzake. Mwalimu alishangaa sana. Alisema kwao Ukerewe huimba, lakini huu wa kwetu hauchoshi mikono.

Sasa nina maombi mawili. La kwanza, mwezi wa tisa kuna mashindano ya shule za sekondari, Kigoma mjini, ziwani. Naomba niende na basi pamoja na wenzangu, nikapige galoni nikiwa nchi kavu. La pili, Mwalimu Mwatumu ana sheria yake: hakuna kukaa kwenye mtumbwi kabla hujaogelea bwawa lote, kwenda na kurudi. Anawafundisha wote. Anataka anifundishe na mimi, hata kama sitapanda mtumbwi. Anasema mtu anayeishi karibu na maji bila kujua kuogelea ni sawa na anayeishi karibu na barabara bila macho. Ukisema hapana, nitabaki na galoni langu, wala sitanuna.

Ni mimi,
Kezia wako

*

Nyakitonto.
2 Julai 1995

Mwanangu,

Marahaba. Kesi ya mbuzi tumeimaliza kwa mtungi mmoja wa rubisi ya ndizi, na Nkunzimana alikunywa kuliko mbuzi alivyokula. Sote wazima. Maharage tumevuna, si haba.

Kwenda Kigoma, nenda. Ziwa litazame, ukimaliza kulitazama ligeuzie mgongo.

Hilo la kuogelea limeninyima raha. Barua yako nimeibeba mfukoni hadi imeanza kupasuka kwenye mikunjo. Nilikuwa tayari kuandika hapana, mama yako akaniuliza neno moja tu. Aliniuliza, "Ndayiragije angekuwa anajua, leo angekuwa na watoto wangapi?" Nikatoka nje, nikaenda kukaa na mbuzi.

Jifunze. Mtumbwi bado ni hapana.

Baba yako,
Nduwayezu

*

Kibondo.
24 Septemba 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Naomba ukae chini ndipo usome.

Tumeshindwa, baba, na tumeshindwa kwa namna ambayo Kigoma nzima inacheka. Sikiliza. Shule zilikuwa nyingi, karibu zote za kandokando ya ziwa, watoto waliozaliwa na kasia mkononi. Sisi ndio pekee tuliotoka milimani, na mtumbwi wetu wa kuazima unavuja. Hata hivyo walianza vizuri mno. Nilikuwa nakimbia ufukweni napiga galoni, na katikati ya mbio Epifania na wenzake walikuwa wa pili, wanamkaribia wa kwanza. Mwalimu Mwatumu alikuwa ameuma ushungi wake.

Kabla ya kumaliza, mitumbwi inapita mbele ya jukwaa walipokaa wazee wa mji. Walikuwepo mababu wenye fimbo na mabibi wenye vitenge vya heshima, wamekaa safu nzima. Epifania alikuwa amekaa mbele. Akainua macho akawaona wazee. Baba, Epifania amelelewa kama mimi. Akalaza kasia mapajani, akainama, akapiga makofi ya salamu, taratibu, kama tunavyosalimu nyumbani tukipita mbele ya wakubwa. Mwajabu akaona, naye akalaza kasia, akapiga makofi. Evaline akafuata. Aliyebaki anavuta ni Winnie peke yake, mtoto wa Tabora asiyejua mila zetu, na kwa kuwa alikuwa anavuta upande mmoja, mtumbwi ukaanza kuzunguka. Ukazunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia, mbele ya wazee, hao wengine wanainama na kupiga makofi, Winnie anapiga kelele, "Mnafanya nini?" Shule zote zikatupita.

Na mimi, baba, kule ufukweni, nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye mchanga. Sikujijua mpaka niliposikia kicheko.

Wavulana wa shule moja ya ziwani wametutungia wimbo. Hata konda wa basi tulilorudi nalo alikuwa anauimba. Mwalimu Mwatumu hakutugombeza, alisema tu tuoge tukalale. Lakini Mkuu wa shule, Mwalimu Raymond, ametuita mbele ya mstari akasema shule imeaibika vya kutosha, turudi kwenye netiboli. Na mvuvi amechukua mtumbwi wake. Kwa hiyo hakuna tena timu.

Silii kwa sababu ya kushindwa. Nalia kwa sababu walicheka kitu ambacho mama alinifundisha nikiwa sijui hata kutembea vizuri.

Ni mimi,
Kezia

*

Nyakitonto.
29 Septemba 1995

Kezia mwanangu,

Marahaba, marahaba. Sisi wazima, hayo ya afya tuyaweke kando leo.

Nani alicheka? Niandikie majina. Kama majina huyajui, niandikie shule.

Barua yako nimeisoma mara mbili peke yangu, halafu nikaenda nayo kwa Nkunzimana, nikaisoma mbele ya wazee wote waliokuwepo. Nilipofika pale pa mtumbwi kuzunguka, nakiri hata sisi tulicheka, Nkunzimana akamwaga kinywaji chake. Lakini nilipofika pale pa wewe kupiga magoti mchangani, hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alisema, "Watoto walikuwa karibu kushinda, wakaona wakubwa, wakaacha ushindi wakasalimu. Mmewahi kusikia?" Hatujawahi kusikia. Baba zenu tumevimba vichwa mpaka kofia hazitutoshi.

Basi tumekaa kikao. Hoja ilikuwa hii: mtoto wetu akiwa kwenye mashindano akipita mbele ya wakubwa, afanye nini? Tumebishana mpaka mtungi ukaisha. Mwisho mama yako, aliyekuwa anatuletea mihogo na hakuombwa neno, akasema hivi. Mwanamke mwenye mzigo kichwani akikutana na mkubwa njiani hapigi magoti wala makofi. Anasalimu kwa mdomo, anapita, na hakuna anayemlaumu, kwa maana mzigo ni mzigo. Kasia nalo ni mzigo. Wazee wote wakasema naam. Kwa hiyo mwambie Epifania, kwa amri ya wazee wa Nyakitonto: asalimu kwa sauti, na asiache kuvuta.

Sasa jambo la mtumbwi. Unaujua umuvure wangu. Nilipochonga mtumbwi ule wa kukamulia ndizi, mti ulikuwa mkubwa hata watu walisema napoteza gogo la kujengea kanisa. Hakuna arusi katika kata hii ambayo rubisi yake haikupita ndani yake. Watu wanne wanakaa humo bila kugusana magoti, najua, kwa sababu walevi wanne wamewahi kulala humo. Nimeuosha. Lori la maharage linakuja Kibondo wiki ijayo, litaushusha shuleni kwenu. Mkuu wa shule akisema hakuna mtumbwi, mwonyeshe huo, na umwambie umetoka kwa watu wenye adabu.

Mama yako ananiuliza tutakamulia ndizi wapi. Nimemwambia tutakunywa chai kama Waanglikana.

Haya yote hayabadilishi lile neno langu kwako. Wewe kaa na galoni.

Baba yako,
Nduwayezu

*

Kibondo.
21 Januari 1996

Baba yangu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya tena kwa maandishi, ingawa tulikuwa pamoja Krismasi. Nimefika salama. Mama mwambie ule unga wa muhogo umeisha siku ileile, nina marafiki wengi kuliko nilivyojua.

Sikukusimulia vizuri nilipokuwa nyumbani, kwa sababu kila nikilitaja bwawa ulikuwa unaondoka kwenda kukata majani ya mbuzi. Umuvure uliposhushwa hapa mwezi wa kumi, shule nzima ilikuja kuunusa. Nyuki walitufuata wiki mbili. Mwanzo ulikuwa haukai, ukikaa tu unageuka, ulizoea kulala kwenye nyasi. Mwalimu Mwatumu akamleta fundi, akauchonga tumbo likawa bapa kidogo, akaunyanyua pua. Ni mzito, baba. Kuuondoa ukiwa umesimama ni kama kumwamsha Nkunzimana, lakini ukishakwenda haubabaiki. Mkuu wa shule aliuzunguka mara kadhaa, mikono nyuma, kisha akasema, "Haya, mwaka mmoja." Tulitaka kuuita Rubisi. Akakataa kata kata, shule haiwezi kuwa na kileo majini. Kwa hiyo tumeupaka rangi nyeupe na kuandika ubavuni NYAKITONTO.

Sasa naandika yaliyonileta. Baba yake Winnie amehamishiwa Tabora na familia yake yote. Nafasi ipo wazi. Mwalimu amejaribu wasichana wengine, hakuna aliyemaliza bwawa kuogelea isipokuwa mimi. Ndiyo, baba, naogelea. Kwenda na kurudi, na nikifika nageuka naenda tena. Bila mtu wa nne hakuna mbio, na bila mbio Mkuu ataufunga umuvure wako stoo.

Uliniambia nisikuulize tena, na sitakuuliza. Naomba tu kitu kimoja: njoo. Siku yoyote. Njoo usimame ukingoni unitazame nikivuka. Baada ya hapo utakachosema ndicho nitakachofuata, na hutasikia neno kutoka kwangu.

Binti yako,
Kezia

*

Nyakitonto.
17 Machi 1996

Mwanangu Kezia,

Nimefika salama, mama yako hajambo, mbuzi hawajambo. Sikukujibu barua yako kwa sababu jibu nililikuja nalo mwenyewe, na ulipokuwa mbele yangu likanikwama. Niliondoka nikiwa nimesema habari za mvua tu. Sasa nakuandikia kile ambacho mdomo ulikataa.

Nilikuja kukuchukua. Uelewe hivyo. Mfukoni nilikuwa na kamba ya kufungia umuvure kwenye lori, na wewe ungekaa mbele na dereva. Nilijisemea: nimempa mkono, sasa anataka kichwa. Nilikuwa nimekasirika tangu Kasulu mpaka Kibondo, Athuman alinisalimu nikamjibu kama adui.

Shuleni wakaniambia mko bwawani. Nikashuka. Sikuona mtu ukingoni aliyenitazama, wote walikuwa wanatazama maji. Nikaona kichwa cha mtu katikati ya bwawa, na kwa namna shingo ilivyokaa nikajua ni wa kwangu. Kezia, sijui nini kilitokea. Miguu iliingia majini na viatu vyake. Nilikuwa naita, na mwalimu wako ndiye aliyeniambia baadaye kwamba jina nililokuwa naita si lako. Nilikuwa naita Ndayiragije. Maji yalinifika magotini, yakanizuia, siwezi mbele, siwezi nyuma.

Nikaona unageuka. Hukuharakisha. Ulikuja taratibu kama mtu anayetoka shambani, mkono baada ya mkono, na ulipofika ukatoka, maji yanatiririka, ukapiga magoti pale kwenye tope ukanipa shikamoo. Nilitaka kusema neno nikasema mvua za mwaka huu zimechelewa.

Nimelia ndani ya basi kuanzia Makere mpaka Kasulu. Athuman aliniuliza nani amefariki, nikamwambia hakuna aliyefariki. Ndicho nilichokuwa nalilia. Niliona mtu wa ukoo wangu akiwa katikati ya maji na akarudi.

Kaa kwenye mtumbwi. Nimesema. Mwambie mwalimu wako neno la mzazi ni hili, na kama anataka sahihi, sahihi yangu iko hapo chini kubwa.

Ziwani sitakuja. Moyo wangu una mipaka yake. Siku hiyo nitakuwa shambani, nitalima, na mtu asinisemeshe mpaka Athuman alete habari.

Baba yako,
Nduwayezu

*

Kigoma mjini.
15 Septemba 1996

Baba yangu, mama yangu,

Shikamooni. Tu wazima wote, hakuna aliyezama, hakuna aliyelowa kuliko Mkuu wa shule. Barua hii nampa Athuman leo hii, na nimemwapisha asiwaambie neno kabla hamjaifungua, ingawa najua hataweza.

Tumeshinda.

Naliandika tena kwa sababu ni tamu: tumeshinda. Tulipoushusha umuvure kwenye gari, wale wavulana wa mwaka jana walianza wimbo wao, halafu wakanusa, wakaongeza ubeti wa pombe. Mitumbwi ya wengine ilikuwa myembamba, mizuri, imepakwa mafuta. Wetu ulionekana kama mama mjamzito kwenye foleni ya wasichana. Mwajabu alinong'ona, "Kezia, mimi naona aibu." Nikamwambia aione baadaye, sasa tuna kazi.

Nilikaa mbele. Filimbi ilipolia wote walituacha. Nilikuwa nimewaambia wenzangu wasishtuke, mzito huamka polepole. Tukavuta ule mwendo wa kulima, bila haraka, na nilikuwa nauita kwa mdomo, kwa kuwa galoni amelishika Mwalimu Mwatumu ufukweni. Ndipo upepo ukaja kutoka ng'ambo, upande wa magharibi. Ziwa lilijikunja, baba. Sitakudanganya, niliogopa. Nilikuona wewe na viatu vyako ndani ya bwawa. Nikajiambia naogelea, najua kuogelea, na woga ukakaa pembeni kama mtoto aliyeambiwa akae.

Mawimbi yale ile mitumbwi myembamba haikuyapenda. Ilianza kurukaruka, wengine wakawa wanachota maji badala ya kuvuta. Umuvure wako haukujua hata kama kuna mawimbi. Ulipita katikati yake kama unavyopita katikati ya walevi arusini. Tukampita mmoja, tukampita wa pili. Ilibaki shule ya wale wenye wimbo, na wao walikuwa mbele yetu kidogo tu tulipofika jukwaani.

Wazee walikuwepo, safu nzima. Nikahisi nyuma yangu Epifania ameanza kulegea, mwili wake unataka kuinama. Nikapaza sauti, "Tuna mzigo!" Na sote wanne, bila kuacha kuvuta, tukawasalimu, "Amahoro, wazee wetu!" Tuliita mpaka koo zikauma. Baba, wale wazee walinyanyuka. Mzee mmoja alijibu, halafu wote wakajibu, na mabibi wakaanza kutupigia makofi, makofi yaleyale, taratibu, na yalikuwa kwenye mwendo wetu. Hatukuhitaji tena kuhesabu. Tulivuta juu ya makofi ya mabibi. Wale wavulana waliokuwa wanaimba walinyamaza, nikaona pua ya umuvure inaupita mtumbwi wa dada zao, na kamba ya mwisho ikanipiga kifuani.

Mkuu wa shule, Mwalimu Raymond, aliingia ziwani na suti, akashika umuvure kwa mikono miwili akitamka, "Nyakitonto, Nyakitonto," kama anayesoma majina ya waliofaulu. Mwalimu Mwatumu alikaa mchangani na galoni lake akalia na kucheka kwa wakati mmoja. Bibi mmoja wa jukwaani alitufuata akatuuliza sisi ni watoto wa nani. Kila mmoja alitaja baba yake. Nilipotaja jina lako nililitaja kwa sauti.

Kikombe ni kikubwa. Tutakuja nacho Nyakitonto tukifunga shule.

Binti yenu,
Kezia

*

Nyakitonto.
9 Machi 1997

Mwanangu Kezia,

Marahaba, mwanafunzi wa kidato cha nne. Mama yako hajambo, anakutumia unga, na safari hii amesema uufiche. Mahindi yamependeza.

Mkuu wa shule yako ameniandikia akiuliza kama nataka umuvure wangu urudi. Nimemjibu ubaki huko. Kikombe mlichokileta Desemba kimenywewa na watu wote wa kata hii, mpaka mtendaji, na kila aliyekunywa alisema ndicho kilichochukua mahali pa umuvure. Nimechonga mwingine, mdogo. Nkunzimana alidhani ni wa ndizi, akaja na mikungu yake miwili begani. Nikamwambia arudi nayo.

Wale watoto wa shule ya msingi uliokuwa unawafundisha kuogelea wakati wa likizo, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, hawakuacha ulipoondoka. Kila Jumamosi wanashuka bondeni, na mtumbwi mdogo ni wao. Mimi nilikuwa nakwenda kuwalinda. Nilikuwa nasimama ukingoni na mti mrefu wa kumvuta atakayezidiwa. Hakuna aliyezidiwa. Siku moja binti wa Nkunzimana, yule mdogo mwenye maneno, akanitazama na mti wangu akasema, "Babu, na wewe ukianguka, nani atakuvuta?"

Nikavua viatu.

Imechukua Jumamosi nyingi. Wamenicheka, nikawaacha wacheke. Walinishika tumbo kwa mikono yao midogo kama wanavyoshika ndama, wakaniambia nipumue. Maji yaliniingia puani, nikatoka, nikaapa sirudi, nikarudi. Mama yako alisema nimepata wazimu, lakini alikuwa anakuja, anakaa kwenye majani na fulana kavu.

Jana nilivuka. Bwawa lile si pana, unalijua. Nilikwenda polepole, sikumwangalia mtu. Nilipogusa udongo wa upande wa pili nilikaa kwenye matope nikatazama nilikotoka, watoto wote wamesimama, mama yako amesimama, ameshika fulana yangu kwa mikono miwili. Nikakaa hapo mpaka pumzi ikatulia. Nikalitaja jina la mdogo wangu, safari hii kwa sauti ya kawaida.

Halafu nikaingia tena majini, nikarudi.

Baba yako,
Nduwayezu